Nguvu Saba, Udhaifu Saba

Mgeni alikuja na kiti chake mwenyewe. Kilikuwa kiti cha kukunja, cha turubai ya kijani, na alikibana kwapani kama mtu abanavyo gazeti. Hakubisha hodi. Alifungua mlango wa Chumba Namba Nne cha Idara ya Uhakiki wa Filamu, akakikunjua kiti katikati ya sakafu, akakibonyeza kwa kiganja kuona kama kimetulia, akaketi. Ndipo akasema:

"Habari za asubuhi, mwanangu."

"Nzuri. Shikamoo," alijibu Sikudhani, na sauti ikatoka nyembamba kama ya mtu mwingine.

"Marahaba. Naitwa Kihampa. Usisimame, tafadhali. Nimekuja tuzungumze filamu tu. Mimi napenda sana filamu."

Sikudhani alikuwa na miaka ishirini na minne, shahada moja na miezi mitano kazini. Alijua, kama kila mtu katika nchi ile alivyojua, ni watu gani hutembea na viti vyao. Maafisa wa Idara ya Utulivu walikatazwa kisheria kukalia kiti cha raia, wasije wakaonekana wamekirimiwa, kwa sababu mtu akishakirimiwa huweza kuingiwa na huruma. Ilikuwa sheria nzuri na iliwalinda raia dhidi ya rushwa. Raia nao waliithamini kiasi kwamba wakiona kiti cha kijani kinakuja barabarani, mtaa mzima hukumbuka kuwa umeacha kitu jikoni.

Kihampa alitoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne. Sikudhani aliutambua mwandiko wake kabla haijakunjuliwa.

"Kufuli la Kumi na Mbili," alisoma Kihampa. "Filamu ya wizi. Umeihakiki wewe?"

"Ndiyo, mzee."

"Umeandika vizuri sana," alisema Kihampa, na Sikudhani akaisukuma kalamu yake mbali kidogo.

*

Katika nchi ile, filamu yoyote ilipaswa kuhakikiwa kwa Fomu Namba Tisa. Upande wa kushoto mhakiki aliandika nguvu saba za filamu, upande wa kulia udhaifu saba. Sita haikukubaliwa, wala nane. Serikali ilikuwa imetangaza kwamba haina upendeleo, na njia pekee ya kulithibitisha hilo ilikuwa kila kitu kiwe na ubora na ubovu kwa idadi sawa. Filamu fupi ya kuhamasisha unawaji mikono ilipewa udhaifu saba, ukiwemo "maji yanalowesha". Sikudhani alipokuwa mgeni kazini alidhani ni utani. Baadaye aliamua kwamba hata ndani ya fomu ya kipuuzi mtu anaweza kuandika ukweli, mradi auandike kwa herufi zinazosomeka. Alikuwa binti wa namna hiyo.

Kufuli la Kumi na Mbili aliipenda. Ilihusu watu watano wanaopanga kuiibia Hazina ya Taifa. Kwenye nguvu alisifu jinsi wanavyochora ramani kwa maharage juu ya sinia, na mmoja anapokula harage moja kwa njaa, mlango mzima unasahaulika na baadaye nusura wakamatwe hapo. Alisifu pia dakika tisa za kufungua makufuli bila neno wala muziki, ambapo yeye mwenyewe aligundua ameng'ata kola ya blauzi yake.

Kwenye udhaifu hakuficha kitu. Mapenzi ya fundi makufuli na askari wa kike yalitokea ghafla kama mafua. Wigi la mlinzi linaanguka kwenye purukushani, na kwenye picha inayofuata lipo kichwani tena. Tena, kwa kuwa watengenezaji walikuwa na gari moja tu, katika tukio la kufukuzana gari hilohilo linakimbia na gari hilohilo linafukuza.

Halafu kufuli la kumi na mbili linafunguka. Wezi wanasukuma mlango, na ndani hamna kitu. Yupo mwanamke mmoja mtu mzima, amejifunga kanga usoni kwa ajili ya vumbi, anafagia. Anawatazama, anaegemea ufagio, anasema: "Mmechelewa, wanangu." Kisha anaendelea kufagia.

Sikudhani aliandika: "Nguvu ya saba: tukio la chumba kitupu linaaminika kabisa."

*

"Linaaminika kabisa," alirudia Kihampa. "Umeaminije, mwanangu?"

"Namaanisha kwenye filamu, mzee. Kisanaa."

"Kisanaa." Alilitafuna neno. "Basi tuseme haliaminiki. Tulihamishie upande wa udhaifu?"

"Sawa, mzee, naweza kuhamisha." Alishika kalamu haraka mno, ikamponyoka.

"Ukihamisha nitakuuliza umejuaje kwamba haliaminiki. Umewahi kuingia mle ndani ukakuta pamejaa?"

"Hapana!"

"Kwa hiyo hujui kama pamejaa."

"Najua! Najua pamejaa, mzee."

"Nani amekwambia?"

Sikudhani alifungua mdomo, akaona hakuna upande wowote wa sentensi ambao si shimo. Kila mwaka, Siku ya Saluti, wananchi wote walisimama mbele ya ukuta wa Hazina na kuipigia saluti dhahabu iliyokuwa nyuma yake. Kila mwaka Waziri wa Hazina na Imani alipanda jukwaani.

"Ndugu wananchi!" hunguruma Waziri. "Dhahabu ina haya! Dhahabu inayotazamwatazamwa hupungua uzito! Ndiyo maana mimi, waziri wenu, sijaitazama hata siku moja, na kwa kutoitazama nimeilinda!"

Na watu hupiga makofi hadi viganja viwe vyekundu, kwa kuwa wa kwanza kuacha hupigwa picha.

"Nikwambie kilichonileta," alisema Kihampa, akisogeza kiti karibu kidogo. "Filamu hii ilioneshwa siku tatu kabla hatujaisimamisha. Mimi nilikuwepo siku ya pili, nyuma kabisa. Mlango unafunguka, chumba kitupu. Ukumbini mna watu mia mbili na arobaini, mwanangu. Sikusikia mtu akiguna. Hakuna aliyeshika kichwa." Alishusha sauti. "Hakuna hata mmoja aliyeshangaa."

Sikudhani aliitazama kalamu yake.

"Hilo limenisumbua," alisema Kihampa kwa huzuni ya kweli. Kisha akaigeuza fomu. "Na hapa nyuma, Uthibitisho wa Uwepo. Umepaacha wazi."

Hicho ndicho kipengele ambacho Sikudhani alikuwa amekiogopa tangu mlango ulipofunguliwa. Miaka ya nyuma Idara ilipata kutoa tuzo ya taifa kwa mwigizaji ambaye baadaye ilibainika hakuwepo duniani. Tangu hapo mhakiki alipaswa kumtembelea angalau mshiriki mmoja wa filamu, amwone kwa macho, aandike jina lake na mahali anapoishi.

"Nilimtafuta yule mfagiaji," alisema Sikudhani. "Nilimkosa."

Ulikuwa uongo wake wa kwanza serikalini. Kihampa alimtazama kwa muda wa kutosha mtu kuchemsha yai.

"Pole," alisema. Akakikunja kiti.

*

Hakuwa amemkosa. Wiki mbili kabla, mtengenezaji wa filamu alikuwa amempa maelekezo ya nyumba, nyuma ya kiwanda cha magodoro, mlango wa bluu. Siku chache baadaye mtengenezaji huyo alipumzishwa. Ndivyo lilivyoitwa jambo hilo. Walipomhoji mapumzikoni kuhusu mfagiaji, aliwajibu kwamba amesahau, na aliendelea kusahau kadiri walivyozidi kumpumzisha.

Bibi Mashavu alimpokea Sikudhani kwa uji wa muhogo na hakuuliza shida yake mpaka kikombe kilipoisha. Alikuwa mwembamba, na mikono yake ilikuwa mikubwa kuliko mwili. Uwanja wake mdogo ulifagiwa mistari iliyonyooka, kama daftari.

"Bibi, ulijifunzia wapi kuigiza?" aliuliza Sikudhani.

"Kuigiza?" Bibi Mashavu alicheka hadi akashika ubavu. "Mjukuu wangu, mimi nimekifagia chumba kile miaka thelathini na mmoja. Yule kijana alinambia, bibi, fagia kama kazini. Nikafagia. Wale wavulana wakaingia wanahema na mabegi yao matupu, nikawaonea huruma. Nikawaambia walichokuwa wanahitaji kuambiwa."

Sikudhani aliweka kikombe chini taratibu, kama kilichojaa hadi ukingoni.

"Kwa hiyo, bibi... kweli hamna kitu?"

"Shsh. Sijasema hivyo. Nimesema nimefagia." Kisha hakuweza kujizuia. "Unajua tabu ya kufagia chumba kisicho na kitu? Watu hudhani ni rahisi. Kwenye vitu unaficha. Chumba kitupu, punje moja ya mchanga inakukodolea macho. Na pembe! Pembe ndizo humwonesha mfagiaji. Mabosi walikuwa wakija na tochi zao, wanatazama, wanatikisa vichwa, wanatoka. Miaka thelathini na mmoja hakuna aliyewahi kuniambia, Mashavu, pamefagiwa vizuri."

Alimsindikiza Sikudhani hadi mlango wa bluu.

"Hiyo karatasi yako huwa inasomwa na watu?"

"Nyingine husomwa redioni, bibi."

"Basi useme nilifagia vizuri. Jina langu liache humuhumu ndani, sitaki makubwa. Sema tu nilifagia vizuri, hadi pembeni."

"Nakuahidi, bibi," alisema Sikudhani. Aliahidi kirahisi, kama mtu anavyoahidi kurudisha bakuli.

*

Mkurugenzi wa Idara, Mzee Ngwada, alikuwa mtu mwenye hekima kubwa ya kiutumishi. Barua zote alizitia saini kwa penseli. Aliposikia kwamba kiti cha kijani kimepita kwenye ukumbi wa ofisi yake alijiandikia ruhusa ya ugonjwa, lakini akaitwa akiwa kitandani, akaja amejifunga shuka.

"Binti Sikudhani, umeniua," alisema. "Umeniua ningali na miezi minane nistaafu."

"Nimeandika nilichokiona, mzee."

"Ndiyo maana nasema umeniua! Mimi nimehakiki filamu miaka ishirini, sijaona kitu!"

Hata hivyo ni yeye aliyepata suluhisho, na Kihampa alimpa mkono. Tukio la chumba kitupu lingekatwa. Filamu ingekoma kwenye kufuli la kumi na mbili, mlango ukiwa umefungwa. Hivyo kusingekuwa na cha kuaminika wala kisichoaminika. Nguvu ya saba sasa ingesomeka: "Makufuli ya Hazina ni imara." Na udhaifu wa saba: "Filamu haina mwisho." Uhakiki huo ungesomwa na Sikudhani mwenyewe katika Redio ya Taifa siku ya Ijumaa, saa nne asubuhi, saa ambayo ofisi zote husimama kusikiliza. Akiusoma neno kwa neno, angethibitishwa kazini. Akizidisha neno au kupunguza, angepumzishwa.

Lilibaki suala la mfagiaji. Kumtafuta kwenye orodha ya wafanyakazi wa Hazina hakukuwezekana, kwa kuwa hakuna mfanyakazi anayeruhusiwa kuingia ndani, kwa hiyo hakuna orodha, na kuiulizia kungekuwa kosa la jinai. Uso wake ulikuwa ndani ya kanga, na sauti yake ilikuwa ya bibi yeyote. Iliyojulikana ilikuwa mikono yake tu, namna inavyovuta ufagio, inavyougeuza mwishoni na kuingia pembeni kwa mapigo matatu mafupi.

Ikaundwa Kamati ya Taifa ya Utambuzi wa Ufagiaji. Wafagiaji wote wa mji mkuu waliamriwa kufika ukumbini na fagio zao, wafagie mbele ya kamati huku filamu ikioneshwa ukutani kwa kulinganisha. Sikudhani aliteuliwa mtaalamu. Alipewa beji.

Habari zilipoenea, mji ulibadilika kwa siku mbili. Wafagiaji wa barabara walianza kufagia vibaya, wasije wakashukiwa. Wake wa wakubwa walionekana wakimwaga majani uani. Hospitali ilitundika tangazo: "Usafi hapa ni wa kiwango cha chini." Mwalimu mmoja aliyesifia darasa lililofagiwa vizuri aliandikiwa barua. Kufikia Jumatano vumbi lilifika kwenye vifundo vya miguu, na Meya aliipongeza hali hiyo kama ushahidi wa uaminifu wa wananchi.

Sikudhani hakulala vizuri. Hakuogopa kwamba Bibi Mashavu angetajwa. Alichokiogopa ni mikono ile. Alijua haijui kufagia vibaya.

*

Alhamisi, mfagiaji wa mia na themanini na nane alikuwa Bibi Mashavu.

Aliingia na ufagio wake amejifunga kanga nyingine, ya zamani, na hakumtazama Sikudhani kabisa. Ukutani, mikono yake yenyewe, mikubwa kama milango, ilikuwa ikifagia chumba kitupu. Mchanga ulimwagwa sakafuni. Kihampa aliketi mbele kwenye kiti chake, ameinama, viwiko magotini.

"Anza, mama."

Sikudhani alikuwa ameshika ukingo wa meza. Kichwani alirudiarudia, bibi, fagia vibaya, bibi yangu, nakuomba, huku akijua anaomba kitu cha aibu.

Bibi Mashavu aliushika ufagio. Mkono wake ulivuta mara moja, mstari ukanyooka kama rula. Kihampa aliinua kichwa.

Kisha mkono ukasita. Kidogo tu. Na Bibi Mashavu, aliyekuwa na miaka sitini na minane, akaanza kufagia kama mtu asiyejua kazi. Alirusha mchanga juu, akaukanyaga. Alipita katikati na kuacha kingo. Alipofika pembeni aliupitisha ufagio juujuu, akageuka, akaiacha pembe na mchanga wake wote.

Wajumbe walicheka. "Huyu naye!" alisema mmoja. "Nyumbani kwake wanaishi vipi?"

"Mama," aliuliza Kihampa, "umefanya kazi hii muda gani?"

"Muda mrefu, baba. Ila sijawahi kuiweza."

Kihampa alimgeukia Sikudhani. "Mtaalamu unasemaje?"

"Si yeye," alisema Sikudhani. "Huyu hajui kufagia."

Wakampigia muhuri cheti. Kiliandikwa kwa wino wa serikali, "Mfagiaji Mbaya, Amethibitishwa," na kilimlinda mwenye nacho asiitwe tena maishani. Bibi Mashavu alikipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo.

"Asante, baba."

Alipokuwa akitoka alisimama kwenye ile pembe aliyoiacha. Aliitazama. Midomo yake ilitetemeka kama ya mtoto aliyepigwa mbele ya wageni. Halafu akatoka.

*

Ijumaa, saa nne kasoro dakika tano, Sikudhani aliketi mbele ya kipaza sauti. Aliinyoosha karatasi mezani. Nyuma ya kioo alisimama Mzee Ngwada na shuka lake, na fundi mitambo, na Kihampa. Kihampa alikuwa na viti viwili vya kijani kwapani. Kimoja kilikuwa kipya, bado kina lebo yake.

"Cha pili cha nani, mzee?" Sikudhani alikuwa amemuuliza mlangoni.

"Cha tahadhari tu, mwanangu. Mungu akipenda nitarudi nacho kikiwa kimekunjwa."

Taa nyekundu ikawaka. Katika nchi nzima ofisi zilisimama.

Alisoma nguvu ya kwanza, maharage kwenye sinia. Alisoma dakika tisa za makufuli. Alisoma kwamba makufuli ya Hazina ni imara. Nyuma ya kioo Mzee Ngwada alikuwa akihesabu kwa vidole. Alisoma udhaifu wa kwanza, mapenzi ya ghafla, akasoma wigi, akasoma gari linalojifukuza. Alifikiria mshahara wa uthibitisho, na mama yake ambaye tayari alikuwa amewaambia majirani. Alifikiria neno mapumziko na mlango wa mapumzikoni, ambao hakuwahi kuona mtu akitokea. Aliogopa sana. Tangu Jumanne alikuwa akingoja woga umpungukie ili afanye anachotaka kufanya, na sasa aliona kwamba hautapungua, na dakika zimekwisha.

"Udhaifu wa saba," alisoma. "Filamu haina mwisho."

Vidole vya Mzee Ngwada vilifika kumi na nne. Aliketi kwa furaha. Fundi alinyoosha mkono kuzima taa.

"Na mfagiaji," alisema Sikudhani.

Mkono wa fundi ulibaki hewani.

"Jina lake silijui. Alifagia vizuri. Hadi pembeni."

Taa ikazimika. Kihampa alifungua mlango bila kubisha hodi, akatazama sakafu yenye vumbi akitafuta mahali pa usawa. Akakikunjua kile kiti kipya, akakibonyeza kwa kiganja kuona kama kimetulia.

"Karibu upumzike, mwanangu," alisema.

Sikudhani alikunja karatasi mara nne, akaenda kukaa.